Sehemu ya Tatu ya Diski ya Baba

Wiki iliyopita dada mmoja wa stoo kazini kwetu aliniletea kompyuta chakavu ya mezani, akaniomba nimwekee Linux, maana mimi ndiye ninayesifiwa kwa mambo hayo. Nikaiwasha. Feni ikanguruma, na vumbi la miaka lililolala ndani likaanza kupata moto. Wa rika langu mnaijua harufu ile: vumbi, plastiki, na kitu kama nywele zilizosogelea jiko. Nilifika kwenye ukurasa ule unaouliza diski igawanywe vipi, kipi kifutwe na kipi kiachwe, mikono ikagoma. Nikamwambia yule dada atafute mtu mwingine. Akanicheka, akasema siku hizi najisikia. Nikamwacha aamini hivyo, nikaenda kukaa nje.

Baba alikuwa mwalimu wa hisabati, na nyumba yetu ilikuwa Mkuza, Kibaha, kwenye kiwanja alichokijenga kidogo kidogo mpaka likizo zake zote zikaishia kwenye saruji. Kompyuta ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa alichofuma mama. Haikuwa yetu peke yetu. Wanafunzi wa baba walikuja kuchapa kazi zao, watoto wa jirani walikuja kucheza gemu, na kila mmoja aliingiza flashi yake na kutuachia virusi vyake. Baba hakumfukuza mtu. Alikuwa hivyo, na mama alimgombeza kwa hilo kila siku ya Mungu.

Kisha baba akaugua ini. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikujua ini ni nini, ila nilijua kwamba macho yake yamekuwa ya manjano na kwamba hapendi tena chai. Mama alikuwa na mimba. Hilo nalo nililijua, ingawa nyumbani kwetu halikusemwa mbele ya watoto. Tumbo lilikua tu, nasi tukalipisha njia.

Asubuhi moja baba aliniita nikae kwenye stuli karibu naye. Alikuwa amejifunga shuka kiunoni, maana suruali zilikuwa zinamdondoka. Akanionyesha kwenye skrini mstari mrefu uliogawanyika mara mbili. Akasema diski ni moja lakini unaweza kuikata vyumba, na kila chumba kina mlango wake. Cha kwanza ni cha mfumo unaoiendesha kompyuta. Cha pili ni cha mitihani, picha na takataka za watu. Halafu, polepole, akaupunguza mkia wa kile cha pili, akakata kipande kidogo mwishoni kabisa. Akasema hicho ni chake, watoto wa jirani hawatakifikia. Akaniambia nisimwambie mtu, hata mama, mpaka atakaponiruhusu. Niliona fahari kubwa kupewa siri na mtu mzima.

Siku chache baadaye, saa nne hivi asubuhi, nilikuwa uani naosha vyombo nikamsikia baba ndani anaadhini. Sauti ilikuwa nyembamba na ilikatika katikati, akakohoa, akaanza upya. Nilisimama na sufuria mkononi. Saa nne hakuna sala. Niliamini kabisa kwamba ugonjwa umeshafika kichwani, kwamba baba hajui tena mchana na alfajiri, na nikaona aibu kwa niaba yake, majirani wasije wakasikia. Nikaanza kugonganisha masufuria kwa makusudi ili sauti yake isitoke nje.

Hakukaa hata mwezi. Tulimzika kwao Vihingo, Kisarawe, nyuma ya shamba la mikorosho, na tuliporudi Mkuza tulirudi na Shangazi Mwanahawa, dada yake mkubwa, aliyekuja kumkalisha mama eda.

Shangazi huyu alikuwa na eda yake mwenyewe, kali kuliko ya masheikh. Mama alivaa nyeupe, kioo cha chumbani kikageuzwa kikatazama ukuta, na mwanamume asiye wa ukoo hakutakiwa kumwona wala kusikia sauti yake. Mlangoni kwa mama kulitundikwa pazia la kanga. Mimi niliingia na kutoka nilivyotaka, lakini mama niliyemkuta mle hakuwa yule ninayemjua. Alikaa juu ya mkeka, anatazama chini. Nikimsemesha alijibu baada ya muda, kama anayeitwa kutoka mbali. Usiombe kukaa na mama wa namna hiyo una miaka tisa. Nilimtaka atoke. Sikutaka kingine duniani.

Sasa, mwenye mimba eda yake huisha siku anapojifungua. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule hakuna aliyenieleza chochote, na mtoto asiyeelezwa hujieleza mwenyewe. Siku ya arobaini waligawa nguo za baba. Mashati yakaenda kwa baba mdogo, viatu kwa binamu zake wa Vihingo, koti la sherehe likachukuliwa na mzee mmoja wa msikitini. Nilikuwa napita na sinia ya chai nikamsikia shangazi anamwambia jirani, vitu vya marehemu vikishaisha kutoka humu ndani, naye atapumua. Jioni ileile mama akatoka chumbani kwa mara ya kwanza, akakaa uani penye hewa, akala wali nusu sahani. Wiki iliyofuata baba mdogo akaichukua baiskeli, na kesho yake mama akanisuka nywele.

Basi nikawa nimeelewa. Vitu vya baba ndivyo vilivyomfunga mama. Kila kimoja kikitoka, anafunguliwa kidogo. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kilichobaki. Miwani yake niliitumbukiza chooni mwenyewe.

Siku zilezile kompyuta ikagoma kuwaka. Watoto wa wageni wa msibani walikuwa wameichezea wiki nzima, na sasa ilifika katikati, ikazima, ikaanza tena. Mama aliposikia alibadilika rangi. Akaandika karatasi, akanituma kwa Mwalimu Yona.

Mwalimu Yona alifundisha kompyuta shule moja na baba, na nyumba zao hazikuwa mbali. Alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya, mrefu, mwenye aibu, na alikuwa rafiki wa baba kiasi kwamba Pasaka tulikula kwao na Idi walikula kwetu. Alikuja Jumamosi asubuhi na sidii ya Linux mfukoni mwa shati. Shangazi alimkaribisha kwa uso wa kumkaribisha muuza mkaa.

Alivyofanya kazi ndivyo ninavyofanya mimi mpaka leo: hakugusa kompyuta kwanza. Aliomba daftari la hesabu la vijumba, akachora mstatili mrefu, akaugawa kwa rula. Akanieleza huku anachora. Mfumo wa zamani umeoza kwa virusi, tutaufuta, tuweke Linux. Linux inataka chumba chake kikubwa kiasi, kibanda cha pembeni cha kuwekea mizigo kumbukumbu ikizidiwa, na chumba cha vitu vya mwenye nyumba. Vitu vya marehemu vilivyo kwenye chumba cha pili havitaguswa. Akaandika ukubwa wa kila kimoja, kisha akanipa karatasi nimpelekee mama akubali kabla hajaanza.

Ndivyo tulivyoipanga diski ile, watu wawili wasioonana, mimi nikipita katikati na karatasi. Mama aliisoma kwa makini, akazungushia kalamu chumba cha pili na kuandika pembeni: hiki kiachwe, tafadhali sana. Nikarudisha. Mwalimu akaongeza kitu, nikapeleka. Mama akatia alama, nikarudisha. Nilikwenda mara nne au tano, na shangazi amekaa kwenye kiti cha ukumbini anahesabu nyendo zangu.

Kisha Mwalimu akaiwasha kompyuta kwa ile sidii, na ukurasa wa kugawa diski ukatokea. Akaegemea mbele. Vyumba vilikuwa vitatu.

Akanitazama, akatazama karatasi, akatazama tena skrini. Akaniambia hiki kidogo cha mwisho hakimo kwenye mpango wetu, hakina hata jina. Kikifutwa atapata nafasi ya kile kibanda cha pembeni, kikiachwa atabana. Akasema angeweza kukifungua aone kilichomo, mkono ukaenda mpaka kwenye mausi, ukasita. Namwona alivyosita. Mwenye kitu amekufa, mjane yuko eda nyuma ya pazia, na yeye ni mwanamume wa nje; kuchungulia mahali ambapo mume wa mtu amepaficha kulikuwa sawa na kufungua sanduku la nguo chumbani mwao. Hakuweza. Nimefanya kazi hii miaka mingi na ninajua fundi yeyote wa mjini angechungulia bila kufikiri. Mwalimu Yona akaurudisha mkono magotini, akaniambia niende nikamuulize mama, hicho cha tatu akiache au akifute.

Nilikwenda. Nilifunua pazia. Mama alikuwa amekaa ameuelekea ukuta, mgongo kwangu, mkono mmoja juu ya tumbo. Hakugeuka. Nilisimama pale kwa muda wa kutosha kuuliza mara kumi. Nilijua kilichomo ni cha baba, aliniambia mwenyewe. Nilijua ndicho kitu cha mwisho cha baba kilichobaki ndani ya nyumba ile. Nikaliacha pazia lishuke, nikarudi sebuleni.

“Amesema ufute,” nikasema.

Mwalimu akaniuliza kama nina hakika, kama amesema kwa mdomo wake. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, taratibu, akiwa ameinama ili macho yetu yawe sawa. Nikasema ndiyo, amesema hakina kazi. Hilo la hakina kazi nililiongeza mwenyewe ili nisiulizwe mara ya tatu. Akageuka, akabofya, na kile kipande cha mwisho kikafutika kwenye mstari. Kompyuta ikaanza kukoroma. Nilikaa kwenye stuli nikasubiri mama atoke.

Hakutoka siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile.

Alitoka uchungu ulipomshika. Alijifungua mtoto wa kiume, na siku ya pili wakamrudisha nyumbani kwa gari la jirani. Eda ilikuwa imekwisha. Baba mdogo alikuwa ameshatawadha, amesimama sebuleni tayari kumwadhinia mtoto sikioni, kwa kuwa mwenye kazi hiyo hayupo. Mama akamzuia. Akasema subirini, baba yake ameshamwadhinia. Akaeleza kwa haraka, huku anacheka na kulia, kwamba marehemu alipojua hatafika siku hii alijirekodi kwenye kompyuta, na baada ya adhana ametaja jina. Mawili kwa kweli, la kiume na la kike. Hakumwambia hata yeye, kwa sababu kwao jina la mtoto halitamkwi kabla hajazaliwa. Alimwambia tu, yamo humo, utayasikia siku yake.

Nilikuwa nimebeba beseni la maji ya moto. Saa nne ile asubuhi, masufuria yale. Nilielewa yote kwa mkupuo mmoja, na mtu asiniambie kwamba mtoto wa miaka tisa haelewi.

Walitafuta kwenye chumba cha pili. Walikuta mitihani, picha za mahafali, nyimbo za watoto wa jirani. Baba mdogo akatumwa kwa Mwalimu Yona, naye akaja mbio na kandambili. Ilikuwa mara ya kwanza yeye na mama kuonana tangu mazishi. Mama amemkumbatia mtoto, akamuuliza kama kulikuwa na kitu kingine kwenye ile diski, mahali pengine popote.

Mwalimu akafungua mdomo. Najua alichotaka kusema, kwa sababu alianza kukisema: kwamba yeye aliuliza. Macho yake yakanitafuta nyuma ya mlango, yakanipata. Maji ya beseni yalikuwa yananimwagikia miguuni. Kisha akamgeukia mama.

“Nilichanganya vyumba, mama,” akasema. “Kosa ni langu.”

Aliichukua kompyuta, akakaa nayo shuleni siku mbili akijaribu kukifufua kilichofutwa. Shangazi hakusubiri, alisema mtoto hawezi kulala bila adhana, na baba mdogo akamwadhinia usiku uleule mama ameangalia pembeni. Siku ya tatu Mwalimu akarudi na vipande alivyookota. Vingi vilikuwa mkwaruzo mtupu. Kimoja kilikuwa na sekunde nne. Baba anakohoa, anasafisha koo, anavuta pumzi. Basi. Mama akaomba kirudiwe, akaomba tena, kisha akamwambia Mwalimu azime, atoke, na asikanyage tena nyumbani kwake.

Hakukanyaga. Pasaka ile hatukula kwao. Siku ya saba mtoto akapewa jina na baba mdogo, akaitwa Idrisa, na mpaka leo sijawahi kumsikia mama akilitamka. Humwita mwanangu, au wewe.

Nilikutana na Mwalimu Yona mara moja tu baada ya hapo, sokoni Mlandizi, nikiwa kidato cha pili. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya aibu. Akaniuliza mdogo wangu anaendeleaje, nikasema hajambo, ameanza shule. Akasema amehamishiwa Kisarawe. Alikuwa ameshika nyanya kwenye mfuko na hakuonyesha kuwa na haraka. Alinipa nafasi, namna alivyosimama, na mimi nikasema nachelewa gari. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nina akili zangu zote.

Baada ya ile kompyuta ya stoo sikulala vizuri siku tatu. Jumamosi nikaenda Mkuza. Nilimkuta mama uani anachagua choroko kwenye ungo. Nilimwambia kila kitu, tangu stuli ya baba mpaka pazia. Mikono yake haikuacha kuchagua. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja, kama Mwalimu alijua kuwa ni mimi. Nikasema alijua tangu pale mlangoni. Akaondoa kijiwe, akakitupa. Akasema kesho nimpeleke.

Tulipata nyumba yake Jumapili mchana, mbele kidogo ya mjini Kisarawe, baada ya kuuliza njia mara tatu. Mkewe ndiye aliyefungua. Alimtambua mama kabla mama hajajitambulisha, akatukaribisha, akatuambia kwamba Mwalimu alifariki mwaka juzi kwa presha, akasafirishwa kwao kuzikwa. Mama akaketi bila kuangalia anaketi wapi. Walipeana pole, mjane na mjane. Mwenyeji wetu akasema mumewe hakuwa na makuu, ila miaka yake ya mwisho alikuwa na jambo moja ambalo yeye mkewe hakulielewa: alikataa katakata kugusa kompyuta ya mtu. Watu walimletea, walimbembeleza, alisema mkono wake una mkosi.

Mama akamshika magoti yule mwanamke, akamwambia mumewe hakukosea. Akarudia, hakukosea kitu, alisingiziwa. Hakusema na nani. Mwenzake alimtazama, kisha akanitazama mimi.

Tulirudi kwenye gari. Niliweka funguo lakini sikuwasha, kwa kuwa mama alikuwa bado hajafunga mlango. Nilianza kusema samahani, akaniinulia kiganja.

“Ulikuwa mtoto,” akasema. “Kwa hilo sikulaumu. Lakini hukubaki mtoto miaka yote hii.”

Akafunga mlango, akanyoosha mkono, akaitoa simu yangu kwenye dashibodi na kunipa. Akaniambia nimpigie mdogo wangu, palepale, yeye akisikia, nimwambie mwenyewe kwa nini hana jina alilopewa na baba yake.

Iliita mara mbili.

“Shikamoo dada,” akasema Idrisa, na nyuma yake nikasikia wenzake wanacheka.